Mwasumini umejaa majani lakini hautoi ua hata moja? Njooni tuzungumze

#1 MtungaVikuba

Asalaam aleikum, habari za jioni wadau wa bustani.

Mwezi huu peke yake watu wanne wameniuliza swali moja: "Mwasumini wangu mzuri, majani yanang'aa, huu mwaka wa pili, mbona sijaona ua?" Kila nikienda kuutazama nakuta hali ile ile. Uko kivulini barazani, unamwagiwa asubuhi na jioni, na samadi imejazwa mpaka shingoni. Mti umeshiba, na mwasumini ukishiba namna hiyo kazi yake inakuwa kuongeza majani tu.

Naongelea mwasumini wetu wa pwani, wa maua meupe ya vikuba (vishada vidogo vya maua na majani ya kunukia) na makoja (maua yaliyotungwa kwenye uzi). Wataalamu wanauita Jasminum sambac, na uko ukoo mmoja na mzeituni. Asili yake ni Asia ya Kusini, upande wa India na Bhutan, ila kwa mtu wa pwani huu ni mti wa uani kama mrehani ulivyo.

Nililelewa Ng'ambo, Unguja, na bibi mzaa mama. Alikuwa anauza vikuba. Uani alikuwa na miasumini minne, yote juani, kwenye udongo ambao ukiutazama usingedhani unaweza kulisha kitu. Alasiri ikishapoa ananiita nije na siniya. Alinifundisha kuchagua kwa jicho kabla ya mkono: tumba la kuchuma limevimba, limeshaacha ukijani na kuwa jeupe kama maziwa, lakini ncha bado imefumba. Lenye ukijani ukilichuma linafia mkononi, halichanui tena. Lililokwisha funguka asubuhi litakuwa chini. Tukimaliza anayafunika kwa kitambaa kibichi, anaendelea na kupanga majani ya mrehani na mkadi, ua jingine la kunukia. Baada ya isha akikifunua kile kitambaa, yote yamefunguka, na nyumba nzima inajua.

Ua hili linafunguka usiku kwa sababu wageni wake ni nondo. Gizani rangi nyingi hazionekani vizuri, kwa hiyo mti unamwita nondo kwa weupe na kwa harufu. Ndiyo maana ukinusa saa saba mchana unaona ni ua la kawaida tu.

Sasa nataka tuelewane juu ya makasi, maana hapo ndipo wengi wanaogopa. Mwasumini hautoi maua kwenye tawi kuukuu. Unatoa kwenye chipukizi jipya. Mti ambao haujakatwa miaka miwili una matawi marefu yaliyochoka, unatambaa, unatafuta cha kushika, na hauna pa kuwekea matumba.

Shika tawi moja ulitazame. Majani yamekaa mawili mawili yakielekeana, mara nyingine matatu. Kata juu kidogo ya jozi ya majani, toa kama theluthi ya urefu wa tawi. Usibane kwa kisu butu, tumia makasi makali yaliyofutwa vizuri. Baada ya wiki moja na nusu hivi, kwenye kwapa za yale majani mawili utaona vichipukizi viwili, laini. Vikirefuka, ncha ya kila kimoja inabeba matumba, mara nyingi matatu pamoja: la katikati linatangulia, la kulia na la kushoto yanafuata. Kwa hiyo ulipokuwa na ncha moja sasa unazo mbili. Ukikata matawi ishirini, piga hesabu mwenyewe.

Mimi nakata sana mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane mwishoni, baridi ya kipupwe ikiwa inaaga. Halafu kila mkupuo wa maua ukiisha napunguza tena ncha kidogo. Nikifanya hivyo mti wangu wa Kigamboni unachanua kwa mikupuo kuanzia vuli mpaka masika yanapochanganya.

Jua, si chini ya saa sita kwa siku. Maji, mwagilia mpaka yatoke chini, halafu ngoja udongo wa juu ukauke kina cha kidole ndipo urudie. Mbolea nitaieleza mtu akiuliza. Karibuni.

#2 NdooZaBalkoni

Asante mleta mada. Mimi nipo Sinza, ghorofa ya tatu, mwasumini uko kwenye ndoo ya lita 20. Jua linaingia asubuhi, saa tano linahama. Inatosha?

#3 MtungaVikuba

Dada, hapo unapata kama saa nne. Maua utapata, machache. Kama kuna upande wa jua la mchana, uhamishie huko, ila usiuhamishe kwa siku moja. Majani yaliyozoea kivuli yakipigwa ghafla na jua la saa nane yanaungua, yanakuwa na mabaka ya kahawia. Sogeza kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Na hiyo ndoo, igeuze uone chini. Ina matundu? Nimeona ndoo nyingi zenye tundu moja dogo ambalo limezibwa na mizizi. Toboa matano au sita kwa msumari wa moto. Mwasumini unavumilia kiu kuliko unavyovumilia miguu iliyoloa. Kwenye ndoo mimi nachanganya udongo tifutifu sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kulowekwa sehemu moja. Makumbi yanashika unyevu bila kugandamiza mizizi.

#4 KisauniKijani

Nawasoma kutoka Mombasa. Wangu majani yamekuwa manjano lakini mishipa imebaki kijani, yaani jani linaonekana kama limechorwa. Jirani akaniambia niweke majivu. Nimeweka mwezi sasa, naona ndio unazidi. Uko ardhini, si kwenye chungu.

#5 MtungaVikuba

Acha majivu leo hii, ndugu yangu. Ulivyoeleza hilo jani nimeliona mbele ya macho. Ardhi ya huko kwenu, kama ilivyo sehemu kubwa ya Unguja, imekaa juu ya matumbawe. Matumbawe ni chokaa. Udongo wenye chokaa nyingi unaweza kuwa na madini ya chuma ya kutosha lakini mizizi inashindwa kuyachukua, na jani jipya la juu ndilo linaanza kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Majivu nayo yanafanya kazi kama chokaa, kwa hiyo umeongeza tatizo juu ya tatizo.

Fanya hivi. Kwangua majivu yote unayoyaona. Chimba taratibu kuzunguka shina, mbali kama hatua moja, utoe ule udongo wenye vijiwe vyeupe, ujaze mboji na majani yaliyooza. Kwenye duka la pembejeo ulizia mbolea ya kupuliza kwenye majani, yenye madini ya chuma, upulize jioni kwa kipimo cha kwenye pakiti. Majani ya zamani hayatarudi vizuri. Tazama yale mapya yanayotoka, hayo ndiyo yatakwambia. Kama hapo ni jiwe tupu, mimi ningechukua vipandikizi nikapanda kwenye chungu kikubwa na udongo wa kununua, mambo yakaisha.

#6 Mkulima wa Jioni

Mkuu, mimi nabisha kidogo kuhusu samadi. Wangu naupa urea kila mwezi na unapendeza hatari, kijani kibichi, watu wanasimama kuuangalia.

#7 MtungaVikuba

Na maua je?

#8 Mkulima wa Jioni

Maua mwaka jana yalikuwa mawili au matatu.

#9 MtungaVikuba

Ndiyo hapo, kaka. Urea ni naitrojeni tupu, na naitrojeni inajenga majani. Kwa mchicha ningekuunga mkono. Kwa mwasumini wa maua, unaulisha upande mmoja. Simamisha urea kabisa miezi miwili. Kata kama nilivyoeleza juu. Chipukizi zikianza kutoka, weka mboji viganja viwili kuzunguka shina, au NPK (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye namba zinazolingana, kijiko kimoja cha chai kwa mti wa ndoo, mbali na shina, kisha umwagilie. Hiyo inatosha mpaka mkupuo uishe.

Samadi siikatai. Naikataa mbichi na naikataa nyingi. Iliyokaa miezi mpaka haina harufu, ikafanana na udongo mweusi, hiyo ni nzuri sana.

#10 MamaWaNjiro

Sisi wa Arusha je? Mwezi wa sita na wa saba wangu unasimama kabisa, majani mengine yanapukutika. Nilidhani umekufa nikataka kuung'oa.

#11 MtungaVikuba

Usiung'oe mama! Huu ni mti wa joto. Baridi ya Arusha ikishuka unajikunja unangoja. Miezi hiyo punguza maji, mbolea usiweke kabisa, na kama uko kwenye chungu usogeze karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ukuta ule unahifadhi joto mpaka usiku. Kukata, ngoja mwezi wa tisa ukiona jua limerudi. Ukikata mwezi wa sita chipukizi linatoka kwenye baridi, linadumaa. Utapata maua, msimu wenu ni mfupi tu kuliko wetu.

#12 BarzaMuscat

Salaam kutoka Muscat. Nimefurahi kukuta mazungumzo haya, mama yangu alizaliwa Unguja na hapa nyumbani mpaka leo tunasema asumini, lakini Waarabu jirani zetu ua hili wanaliita full. Kwao yasmini ni mwingine, ule wa majani membamba. Nasema hivyo kwa sababu ukienda kitalu cha huku ukasema unataka yasmini unapewa mti tofauti. Yemen na kule Jizan upande wa Saudia full inatungwa makoja, wanaume na wanawake wanavaa harusini.

Joto la hapa mwezi wa sita na wa saba linazidi hata kwa mti huu. Chungu cha plastiki cheusi juani kinapika mizizi. Sisi tunaweka chungu ndani ya chungu kingine kikubwa, katikati tunajaza mchanga, tunaulowesha ule mchanga. Na tunamwagilia baada ya magharibi, si mchana.

#13 MtungaVikuba

Allah akuhifadhi, hilo la chungu ndani ya chungu nalichukua, hata Dar mwezi wa pili joto la kaskazi linakausha ndoo kwa siku moja.

#14 Tabata Girl

Samahani kama nauliza kitu cha kijinga. Nilinunua mwasumini kwa muuza maua wa barabarani, akaniapia ni wenyewe. Sasa umetoa maua membamba marefu, rangi ya kijani na njano, mengi sana kwenye kishada, usiku yananukia mpaka kichwa kinauma. Ndio huu?

#15 MtungaVikuba

Swali lako si la kijinga, mwanangu, umewasaidia wengi. Huo si mwasumini. Ni ule ambao watu wanauita malkia wa usiku, Cestrum nocturnum. Hauna undugu na mwasumini, uko ukoo wa nyanya na tumbaku, na vitunda vyake vyeupe ni sumu. Kama una watoto wadogo au mbuzi, uangalie sana.

Kutofautisha hata kabla ya maua: majani ya malkia wa usiku ni marefu membamba na yanapishana kwenye tawi, moja huku moja kule. Ya mwasumini ni mapana kama yai, yanaelekeana. Ukienda kununua tazama hilo kwanza, usimsikilize muuzaji.

Kuna na mwafu, asumini ya mwituni, huo ni wetu wenyewe wa Afrika. Jani lake limegawanyika vijani vitatu, ua ni dogo, jembamba. Una historia ya ajabu kidogo: jina lake la kitaalamu ni Jasminum fluminense, maana yake wa Rio de Janeiro, kwa sababu aliyeupa jina aliukuta Brazili. Ulikuwa umepelekwa kutoka Afrika. Unanukia vizuri, lakini unatambaa na kufunika kila kitu, na kwa kikuba ua lake halina mwili.

#16 NdooZaBalkoni

Dada, tufundishe kuzalisha. Mbegu zinapatikana wapi?

#17 MtungaVikuba

Mbegu usihangaike, mwasumini huu karibu hauzai tunda. Miti yote mnayoiona imetoka kwenye tawi la mti mwingine. Wa kwangu umetoka kwa bibi, nilivuka nao kwenye boti nikiwa nimefunga vijiti sita kwenye kanga mbichi.

Chagua tawi ambalo si laini la kijani wala si gumu la kahawia, liko katikati: ukilikunja linakataa kidogo halafu linakubali. Kata urefu wa kiganja, sentimita 10 mpaka 15, chini kabisa ya kifundo cha majani. Toa majani yote ya chini, bakisha mawili ya juu, na hayo nayo yakiwa makubwa yakate nusu ili yasinyonye maji ambayo mti hauna mizizi ya kuyaleta. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, vifundo viwili viingie chini. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini penye mwanga. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Wiki nne mpaka sita ukivuta taratibu unasikia unakataa. Hapo mizizi imeshika. Wakati wa masika vinashika vizuri zaidi, hewa ina unyevu.

Chomeka vingi. Mimi nikichomeka kumi, vingine vinakufa kila mara, na ndivyo ilivyo.

#18 KisauniKijani

Marehemu nyanya yangu alikuwa analaza tawi tu. Analikwaruza ganda upande wa chini, analifukia katikati, anaweka jiwe juu, ncha inabaki nje. Miezi miwili mitatu analikata, tayari ni mche.

#19 MtungaVikuba

Hiyo kwa anayeanza ni salama kuliko yangu, maana tawi linaendelea kulishwa na mama yake mpaka lipate mizizi. Asante sana.

#20 Mkulima wa Jioni

Vipi wadudu? Wangu chini ya majani kuna vumbi vumbi na utando mwembamba kama wa buibui.

#21 MtungaVikuba

Huo ni utitiri. Unapenda kiangazi na vumbi. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, siku tatu mfululizo. Ukibaki, chemsha au twanga majani ya mwarobaini, chuja, tia sabuni ya kipande kidogo, puliza jioni. Rudia baada ya wiki. Ukiona pamba nyeupe kwenye kwapa za majani hao ni vidung'ata, wafute kwa kitambaa chenye sabuni. Sumu kali sishauri kwenye ua ambalo mtu atalichomeka kwenye nywele zake.

#22 HarusiNaMapambo

Mimi ni mpambaji, natunga makoja ya bibi harusi. Naomba kuongeza: kuna mwasumini wa petali chache, safu moja, na kuna wa safu nyingi uliojikunja kama waridi dogo. Wateja wanaupenda wa safu nyingi kwenye picha. Lakini ule hauchanui kwa wingi, na ukikauka unakuwa kahawia haraka. Kwa koja naona wa safu moja au mbili ndio unafaa, tumba lake refu linapita sindano vizuri.

Je, mtu anaweza kulima kibiashara?

#23 MtungaVikuba

Umesema kweli tupu. Bibi alikuwa na mmoja wa safu nyingi, akauweka karibu na mlango kwa ajili ya macho. Wa kazi ilikuwa ile mingine.

Biashara inawezekana, wenzetu wanaishi kwa hilo. Madurai, kusini mwa India, asumini yao ilipewa hati ya kulinda jina la mahali inapotoka mwaka 2013. Inauzwa kwa kilo, na msimu wa harusi bei inapanda sana. Ufilipino ndilo ua lao la taifa tangu 1934. China wanatia matumba kwenye majani ya chai jioni, yanachanuka humo humo usiku, asubuhi wanayachuja, na chai nzuri wanarudia hivyo usiku kadhaa. Hilo unaweza kulijaribu nyumbani: matumba kumi ya mti usiopulizwa dawa, ndani ya kopo la majani ya chai, usiku mmoja, asubuhi yatoe yasije yakaoza humo.

Lakini uelewe biashara hii ni ya saa. Tumba la jana halina mteja. Usianze na shamba. Anza na miti kumi na mpambaji mmoja kama wewe aliyekubali kuchukua kila jioni, uone kama mikono inatosha. Kuchuma ni tumba moja moja, hakuna njia ya mkato.

#24 NdooZaBalkoni

Wadau, nimerudi na mrejesho. Nilikata siku ya pili baada ya kusoma uzi huu, mkono ukitetemeka. Nikatoboa ndoo, kweli mizizi ilikuwa imeziba. Nikausogeza mpaka upande wa dirisha la jikoni. Leo ni wiki ya tisa. Nimehesabu matumba 23. Saba ni meupe tayari. Niyachume au niyaache mtini? Ni saa kumi na moja na nusu sasa hivi.

#25 MtungaVikuba

Mashaallah! Chuma matano, acha mawili mtini uyaone yakifunguka, maana hujawahi kuyaona. Shika kikonyo kwa kucha, si tumba lenyewe, ukiligusa sana linaingia alama ya kahawia. Weka kwenye kisosi, funika kitambaa kibichi kilichokamuliwa, usitie friji. Halafu saa mbili kaa dirishani.